Mwongozo Kamili wa Kuingiza Karatasi, Vitabu na Utunzaji wa Kumbukumbu katika Mchezo wa Kuiga Dunia ya Kubuni

Mchezaji akifungua menyu ya ghala katika michezo mingi ya kuiga dunia za kubuni, huoneshwa idadi kamili ya kila kitu: magunia 212 ya shayiri, mapipa 37 ya asali, mishale 1,460. Hakuna aliyehesabu, hakuna aliyeandika, wala hakuna aliyeweza kukosea, ilhali dunia hiyo hiyo inaiga kiu ya kila mkazi na kutu ya kila upanga. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetengeneza mchezo wa aina hiyo, au anayeuongezea sehemu mpya, na anayetaka maandishi yawe kitu chenye uzito ndani ya dunia yake: yatengenezewe malighafi, yaandikwe na mtu, yawekwe mahali, yanakiliwe, na yaweze kuungua.

Mfumo wa aina hii nimeujenga mara mbili, kwa sababu ule wa kwanza ulinilazimu kuubomoa wote. Kitabu kilikuwa bidhaa yenye jina na thamani, mkazi alikaa nacho kwa saa kadhaa, na ujuzi wake ukapanda. Siku maktaba ya mji mmoja ilipoteketea ndani ya mchezo, nilikagua kilichopotea nikakuta ni samani tu, kwa kuwa hapakuwa na jambo lolote lililokuwa likijulikana ndani ya vitabu vile peke yake. Tangu hapo nimeshika kanuni moja ambayo hatua zote zinazofuata zinaitegemea: kilicho kweli katika dunia ya mchezo na kilichoandikwa kukihusu ni vitu viwili tofauti, na programu ivihifadhi mahali pawili tofauti.

Hatua ya 1: Panga data katika tabaka tatu

Tabaka la chini kabisa liite dai. Dai lina sehemu tano: jambo linalozungumziwa, sifa yake, thamani, tarehe ya mchezo, na mtu aliyelitoa. Kwa mfano, jambo ni ghala la kaskazini, sifa ni idadi ya magunia ya shayiri, thamani ni 212, tarehe ni siku ya 41 ya mwaka wa 6, na mtoaji ni karani mwenye kitambulisho namba 118. Dai likishaandikwa halirudi tena kuutazama ukweli. Panya wakila magunia 30 usiku huo, ghala litabaki na 182, na dai litaendelea kusema 212 mpaka mtu aende kuhesabu upya. Pengo hilo la magunia 30 ndilo litakalozaa matukio yote unayoyataka, kwa hiyo jizuie kuliziba kwa njia za mkato.

Tabaka la kati ni andiko, yaani orodha ya madai yaliyopangwa pamoja, likiwa na mtunzi, lugha na aina: leja (daftari la hesabu), barua, mkataba, historia, kitabu cha ufundi na kadhalika. Andiko halishikiki. Kinachoshikika ni tabaka la juu, ambalo ni nakala: kitu kilichopo rafuni au mfukoni mwa mtu, chenye malighafi yake, uchakavu wake, na rejeo la andiko kilichobeba. Nakala isibebe madai yote upya. Ipe kitambulisho cha andiko pamoja na orodha fupi ya mahali inapotofautiana nalo, kama vile ukurasa uliochanika au tarakimu iliyonakiliwa vibaya. Andiko lenye madai 20 na nakala 50 lingehitaji madai 1,000 kama kila nakala ingejitegemea. Kwa kuhifadhi tofauti peke yake utabaki na yale 20 na masahihisho machache, na faili ya kuhifadhi mchezo haitavimba kadiri karne zinavyopita.

Tofautisha pia andiko linaloendelea na lililofungwa. Leja huongezewa maingizo kila siku, na nakala iliyotolewa kwayo mwezi uliopita lazima ikumbuke iliishia ingizo la ngapi, la sivyo nakala iliyosafirishwa hadi mji wa mbali itaanza kujijaza habari mpya yenyewe. Nakala ya mwisho ya andiko inapoharibika, na hakuna aliye hai anayelikumbuka, futa madai yake lakini acha jina lake na la mtunzi, kwa sababu maandiko mengine huenda yanalitaja, na kitabu kinachotajwa na vitabu vingine ilhali hakipo popote ni hazina kubwa kwa msimuliaji.

Hatua ya 2: Anza na leja kabla ya vitabu

Watengenezaji wengi huvutiwa kwanza na vitabu vya uchawi na mashairi, na hapo kazi huwashinda, kwa kuwa hakuna kitu katika uchumi wa mchezo kinachovihitaji. Historia yenyewe ilianzia upande mwingine. Mabamba ya udongo ya Uruk, huko Mesopotamia, yaliyoandikwa mwishoni mwa milenia ya nne kabla ya Kristo, kwa sehemu kubwa ni hesabu za nafaka, bia, mifugo na vibarua. Nakushauri ufuate mlango huo huo: jenga karani kwanza, uone mji ukimtegemea, kisha mwanahistoria na mshairi waje kukalia kiti ambacho tayari kipo.

Mfano wa kutazama upo. Dwarf Fortress, mchezo wa ndugu Tarn na Zach Adams uliotolewa kwa umma mwaka 2006, una mtunza hesabu anayehitaji ofisi ya kufanyia kazi, na idadi za mali anazooneshwa mchezaji hubaki za kukadiria mpaka afisa huyo awe ameifanya kazi yake kwa kiwango alichopangiwa. Unaweza kwenda mbele zaidi kwa kumfanya karani atembee. Aondoke mezani, aende ghalani, ahesabu kwa kasi uliyoiweka, kwa mfano vitu 60 kwa saa ya mchezo, arudi aandike. Ghala lililo mbali au lenye vurugu huhesabiwa mara chache, na mchezaji ataanza kupanga maghala yake kwa sababu ambayo hukumlazimisha kuifuata.

Kosa la hesabu litokee mara moja tu, wakati wa kuhesabu, kisha liandikwe ndani ya dai na kubaki hapo. Nimeona mifumo inayochezesha namba kila menyu inapofunguliwa ili kuonesha kwamba hesabu si kamili. Mchezaji huifunga na kuifungua mara kumi, akatafuta wastani, akapata ukweli bila karani. Karani asiye na ujuzi aandike kwa makumi, mwenye ujuzi aandike kwa mojamoja, na kila idadi kwenye menyu ioneshe umri wake, kama "takriban 200, hesabu ya siku 30 zilizopita". Mimi huufifisha wino wa tarakimu kadiri hesabu inavyozeeka, na wachezaji huielewa ishara hiyo bila maelezo.

Sehemu inayohitaji uangalifu zaidi ni maagizo ya kujiendesha. Mchezaji akiagiza mkate uokwe hadi ifike mikate 50, agizo hilo lisome leja, lisisome ukweli. Hapo ndipo kosa la karani linapopata makali, lakini pia ndipo mchezo unapoweza kukwama: mwokaji anatumwa kuchukua shayiri isiyopo, anarudi mikono mitupu, anatumwa tena, bila kikomo. Dawa yake ni kumpa mfanyakazi uwezo wa kutoa dai. Akikuta rafu tupu, arudi atoe taarifa, nayo iandikwe kama dai jipya lenye jina lake, na agizo lisimame mpaka karani ahakiki. Hapo umepata mvutano kati ya watu wawili wanaosema mambo tofauti kuhusu ghala moja, na umeupata bila kuandika tukio lolote maalumu.

Kwa jamii ambazo bado hazijui kuandika, usiziache bila kumbukumbu. Wainka wa Amerika Kusini waliweka hesabu zao kwa mafundo ya kamba. Hazina ya Uingereza ilitumia vijiti vya hesabu hadi mwaka 1826: kijiti hutiwa alama za kiasi, hupasuliwa kwa urefu, mdai na mdaiwa kila mmoja hubaki na kipande chake, na vipande vikikutanishwa alama lazima zilingane. Kijiti katika mchezo kibebe dai moja tu, kisihitaji elimu ya kusoma, na kisikubali kubadilishwa na upande mmoja. Vijiti hivyo vina mwisho wa kukumbukwa pia, kwani tarehe 16 Oktoba 1834 marundo yake ya zamani yalichomwa katika matanuri chini ya Bunge jijini London, na moto huo ukaliteketeza jengo lenyewe.

Mfumo ukishatulia, ongeza leja ya pande mbili, ambamo kila muamala huandikwa mara mbili, ile ambayo mwanahisabati Luca Pacioli aliieleza kwa chapa mjini Venice mwaka 1494. Kwa mchezo inatosha kuwa na makarani wawili, mmoja anaandika vinavyoingia na mwingine vinavyotoka, na siku ya kufunga hesabu madaftari yao yanalinganishwa na kilichomo ghalani. Pengo likitokea, kuna mwizi, panya au karani mzembe, na mchezaji hana njia ya kujua ni yupi ila kwa kuchunguza.

Hatua ya 3: Chagua malighafi, na kila moja iwe na tabia yake

Usiweke malighafi nne zinazotofautiana kwa bei tu. Zitofautiane kwa mahali zinapopatikana, kwa kinachoziharibu, na kwa kinachoweza kufanywa juu yake.

Udongo ni rahisi na mzito. Bamba bichi hufutika kwa maji na linaweza kufinyangwa upya. Lililopita motoni ni gumu kama tofali. Ninawi, mji mkuu wa Ashuru, ulipoangushwa mwaka 612 kabla ya Kristo na majengo yake kuchomwa, mabamba mengi ya maktaba ya mfalme Ashurbanipal yalisalimika, ambapo maktaba ya karatasi isingeacha kitu. Weka kanuni hiyo katika mchezo wako: moto unaofuta magombo ndio unaoyakomaza mabamba.

Mafunjo huota kwenye maji ya kina kifupi. Shina huchanwa vipande vyembamba, vikapangwa tabaka mbili zinazokingamana, vikagongwa na kukaushwa pamoja. Yafaa kwa gombo, huvunjika yakikunjwa mara kwa mara, na unyevu huyaozesha haraka. Jamii inayoishi mbali na kinamasi iyanunue.

Ngozi ndiyo ya gharama kubwa. Hulowekwa katika maji ya chokaa, hunyolewa manyoya, huwambwa kwenye fremu, hukwanguliwa kwa kisu chenye umbo la mwezi mchanga, na hukaushwa ikiwa imevutwa. Nakala moja ya Biblia ya Johannes Gutenberg, iliyochapwa Mainz katika miaka ya 1450, ilipotolewa juu ya ngozi ilihitaji takriban ngozi 170 za ndama. Hesabu ya namna hiyo ndiyo inayomfanya mchezaji afikiri mara mbili kabla ya kuagiza kitabu. Faida ya ngozi ni kudumu, na kwamba inaweza kukwanguliwa na kuandikwa tena: mwaka 1229 kurasa zenye kazi za Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, zilitumiwa upya kwa kitabu cha sala, na maandishi ya chini yakasomwa karne nyingi baadaye. Kwa hiyo nakala ya ngozi iwe na nafasi ya rejeo la pili, la andiko lililofutwa, ambalo msomi hodari anaweza kuligundua.

Karatasi ndiyo itakayobadilisha jamii yako, kwa hiyo ipe muda zaidi kuliko nyingine. Kumbukumbu za China zinamtaja Cai Lun akiiwasilisha kwa mfalme mwaka 105, ikitengenezwa kwa magome ya miti, katani, matambara na nyavu kuukuu, ingawa vipande vya karatasi vya zamani zaidi ya hapo vimefukuliwa. Kwa mtengenezaji wa mchezo neno la kushika ni matambara. Dunia nyingi za uigaji husongwa na nguo zilizochakaa ambazo hakuna anayezitaka, zikirundikana sakafuni na kuipa prosesa kazi bure. Zifanye kuwa malighafi, na taka ya mji itageuka kuwa kumbukumbu yake. Mji wenye watu wengi utakuwa na karatasi nyingi kwa sababu ya nguo zao, na kijiji kidogo kitabaki na ngozi na vijiti, bila wewe kuandika kanuni yoyote kuhusu ukubwa wa mji.

Kazi yenyewe igawe mara tatu na usizidishe. Ya kwanza ni kuponda: matambara hulowekwa na kutwangwa mpaka yawe rojo, kazi ambayo huko Fabriano, Italia, tangu karne ya 13 ilifanywa kwa nyundo zinazoendeshwa na nguvu ya maji, kwa hiyo kinu cha mto kikiwapo iongezee kasi. Ya pili ni kuchota. Mchotaji huichovya kalibu, yaani fremu yenye wavu, ndani ya pipa la maji yenye rojo, huiinua ikiwa tambarare, huitikisa kidogo mbele na nyuma kisha kando ili nyuzi zishikane, na katika sekunde chache uso uliokuwa uking'aa kwa maji hufifia, akajua karatasi imeshika. Kama una nafasi ya picha chache tu za mwendo, zitumie hapa. Ya tatu ni kumalizia: karatasi hupinduliwa juu ya kitambaa cha sufu, rundo hukandamizwa, huanikwa, kisha hupakwa gundi ya wanyama ili wino usitawanyike. Karatasi isiyopakwa gundi ikubalike kwa kufungia vitu, isikubalike kwa kuandikia.

Hatua ya 4: Kutoka karatasi hadi kitabu

Hesabu zako zijengwe juu ya kunjo. Karatasi nne zikipangwa pamoja na kukunjwa katikati hutoa kurasa 16, na makunjo yakishonwa mgongoni na kutiwa jalada ndipo tunapopata kitabu. Kitabu cha makunjo 10 kinahitaji karatasi 40 na kina kurasa 160. Ukiamua kwamba ngozi moja ya kondoo hutoa karatasi mbili, kitabu hicho kitakula kondoo 20. Ukiamua kwamba kapu moja la matambara hutoa karatasi 20, kitakula makapu mawili. Mwandishi anayemaliza kurasa nne kwa siku atakifanyia kazi siku 40. Namba hizi ni za mfano na utazirekebisha, lakini uwiano wake uache mchezaji auone kwenye dirisha la karakana kabla hajatoa agizo.

Ruhusu kunjo liandikwe kabla ya kujalidiwa. Mwandishi akifa katikati ya kazi, makunjo sita yaliyokamilika yabaki kama andiko lisilo na mwisho, na mwingine aweze kuliendeleza akiwa na jina lake kando ya la marehemu.

Wino uwe wa aina mbili. Wa masizi na gundi ya mti ni rahisi, hauli karatasi, lakini maji huuosha. Wa vivimbe vya mwaloni vilivyochanganywa na chumvi ya chuma huuma ndani ya ukurasa na haufutiki kwa urahisi, ila ukiwa mkali huula ukurasa wenyewe baada ya miaka mingi. Mikataba na hati za ardhi ziandikwe kwa huo wa pili, na mwizi anayetaka kughushi alijue hilo.

Hatua ya 5: Kunakili na makosa yake

Kila dai linaponakiliwa, programu irushe kete. Anza na uwezekano wa kosa wa 5 kwa 100 kwa mnakili mchanga, na ushuke hadi 1 kwa 100 kwa bingwa. Zinaonekana ndogo, lakini zifanyie hesabu: leja yenye maingizo 20 ikinakiliwa na mchanga ina uwezekano wa takriban 36 kwa 100 tu wa kutoka bila kosa hata moja, na ikinakiliwa na bingwa ni takriban 82 kwa 100. Nakala ya nakala hurithi makosa ya mzazi wake na kuongeza yake, kwa hiyo kila nakala ikumbuke ilitokana na ipi. Msomi mwenye nakala tatu mbele yake aweze kuzilinganisha na kurudisha usomaji ulio sahihi, mradi nakala hizo hazikutokana na chanzo kimoja chenye kosa.

Kosa lenyewe lisiwe namba yoyote tu. Mwandishi hukosea kwa namna za kibinadamu: huruka mstari, huandika mstari uleule mara mbili, hubadilisha tarakimu moja, au humwandika mtu jina la ndugu yake. Magunia 212 yanaweza kuwa 221 au 21. Hayawezi kuwa 9,406. Makosa ya namna hiyo mchezaji huyaamini kwa muda, na kuaminiwa kwa muda ndiko kunakoyapa kazi.

Hatua ya 6: Nani anasoma, na anapata nini

Ujuzi wa kusoma uwe wa kila lugha peke yake, na usomaji uchukue saa kulingana na kurasa. Msomaji akimaliza, madai ya nakala aliyoisoma, pamoja na makosa yake, yaingie katika kumbukumbu yake kama habari aliyoipata kwa maandishi. Kitabu cha ufundi kisimpe ujuzi kamili. Kimfungulie mbinu ambayo bado atahitaji kuifanyia mazoezi. Asiyejua kusoma asomewe. Kazi ya kusomea wengine ni ndogo kuiandika katika programu, na inaleta watu kuzunguka kitabu kimoja jioni, jambo linalopendeza kulitazama.

Hatua ya 7: Uharibifu, hifadhi na orodha ya maktaba

Ipe kila nakala namba moja ya uzima kutoka 100 kushuka chini, na uikate kwa sababu tano: unyevu, moto, wadudu, matumizi na jua. Usihesabu kila siku. Hesabu pale tu nakala inapoguswa, inapohamishwa au chumba chake kinapopata tukio, kwa kuzidisha muda uliopita na hali ya mahali. Maktaba ya vitabu elfu kadhaa haitaielemea prosesa. Uzima ukishuka chini ya 50, anza kupoteza madai mojamoja, ukianza na ya kurasa za mwanzo na za mwisho ambazo huchakaa kabla ya nyingine.

Kitabu kilichopo lakini hakipatikani ni sawa na kilichopotea. Kwa hiyo maktaba yenye zaidi ya vitabu, tuseme, 50, idai orodha, na orodha hiyo nayo iwe andiko la kawaida linaloweza kukosewa, kuchakaa na kuibwa. Kallimachos, msomi na mshairi wa Kigiriki, alifanya kazi ya namna hiyo kwa magombo ya Aleksandria katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Mkazi anayetafuta habari asome orodha kwanza. Kama haipo, apekue rafu moja baada ya nyingine, na muda huo uonekane.

Hatua ya 8: Maandishi atakayoyasoma mchezaji

Usitunge maneno ya kitabu kabla hakijafunguliwa. Hifadhi madai na mbegu ya namba nasibu ya andiko, yaani namba ambayo programu huanzia kuchagua maneno, na mchezaji anapokifungua, violezo vya sentensi vigeuze madai kuwa aya. Kwa kuwa mbegu ni ileile, maneno yatakuwa yaleyale kila mara.

Hapa anayeandika mchezo kwa Kiswahili ana kazi ambayo violezo vya kuazima kutoka lugha nyingine havitamsaidia. Kiolezo kinachosema "[idadi] ya [kitu] iliingia" kitaharibika mara moja. Magunia yaliingia, mbuzi waliingia, mikuki iliingia, visu viliingia, nguo ziliingia, shayiri iliingia. Kila bidhaa katika data yako ibebe umoja wake, wingi wake na ngeli yake, na kiolezo kiombe kiambishi cha kitenzi, cha sifa na cha "-a" unganifu kutoka kwenye ngeli hiyo. Weka pia alama ya viumbe hai, ili "kiboko mkubwa alionekana" kisije kikatoka "kiboko kikubwa kilionekana". Kazi hii ni ya siku chache, na leja inayosomeka "visu vitatu vilivyotolewa kwa walinzi vimerudishwa viwili" humfanya msomaji asahau kabisa kwamba mashine ndiyo iliyoiandika.

Mpe kila mwandishi mazoea machache: mmoja hutaja tarehe mwanzoni, mwingine mwishoni, mmoja huandika kwa ufupi, mwingine huongeza hali ya hewa. Mazoea mawili au matatu kwa mtu yanatosha ili mchezaji amtambue karani wake kwa mwandiko.

Hatua ya 9: Majaribio, na dunia zilizohifadhiwa zamani

Fanya majaribio manne kabla ya kutoa toleo. Ua karani wa pekee na uache mchezo uendelee mwaka mzima. Mji uyumbe, lakini usikwame. Choma maktaba, kisha uhakikishe kuna mbinu ambayo hakuna aliye hai anayeijua. Peleka nakala mji wa mbali, badilisha ukweli nyumbani, na uthibitishe kwamba kule habari haikubadilika. Mwisho, endesha dunia kwa miaka 200 na upime ukubwa wa faili. Ukikua kwa kasi kuliko idadi ya maandiko, kuna mahali nakala zinabeba madai kamili badala ya tofauti.

Dunia zilizohifadhiwa kabla ya mfumo huu hazina karani wala leja, na mchezaji wake akifungua toleo jipya na kukuta menyu ya ghala tupu ataamini mali yake imepotea. Kwa kila mji wa namna hiyo, mteue mkazi mwenye ujuzi unaokaribia ukarani, mpe meza kama ipo, na umuandikie leja moja yenye hesabu sahihi ya siku hiyo, juu ya malighafi inayopatikana karibu na mji. Kuanzia kesho yake wino wa hesabu hiyo uanze kufifia kama wa hesabu nyingine yoyote.